Zebaki Chini ya Mkeka Wangu

Kama mwanao amerudi kutoka machimboni na chupa ndogo ambayo ukiishika ni nzito kuliko inavyoonekana, usinisome kwanza. Nenda kaitoe ndani, iweke kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na watoto, halafu rudi. Mimi nipo, nakungoja.

Naitwa Siwajibu binti Mkumba, wa Mtawanya. Shule niliishia darasa la pili. Herufi zilizobaki alinipa Mwalimu Tekla kwenye kisomo cha watu wazima, nami daftari hili nimeliandika kwa mkono wangu, mwanangu Hadija amenisaidia nukta na mikato tu. Mambo ya madaktari siyajui na sitayasema. Ninachojua mimi ni majina. Mtu akinitajia jina lake mara moja nimelishika mpaka nife. Wakunga walionipokelea wanangu, walimu wa wanangu, makondakta waliowahi kunisaidia mzigo, wote ninao. Kwa hiyo ule msimu nilipoanza kumwita Hadija kwa jina la dada yangu marehemu, nilipaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilidhani ni uzee umebisha hodi.

Ilianza wakati wa korosho. Mwanangu wa mwisho, Shabani, alikuja kututazama akitokea bara kwenye dhahabu. Alikaa siku nne. Alipoondoka aliacha begi na chupa ya plastiki ya dawa ya kikohozi, akaitia ndani ya sanduku langu la bati chini ya kitanda.

"Mama, hii ya kazi. Nitaifuata nikirudi. Asiichezee mtu."

"Ina nini?"

"Zebaki. Tunashikia dhahabu."

"Ni sumu?"

"Ukiinywa, ndiyo."

Basi mimi nikabaki na hilo. Ukiinywa. Nani atakunywa kitu kilichofungiwa sandukuni?

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Hadija, na binti yake Zena, ambaye alikuwa ametimiza miaka sita. Baba yake Zena ni Rashidi, anakwenda na lori la chumvi, leo yuko, kesho hayuko. Zena analala na mimi toka alipoachishwa ziwa. Hatupendi kitanda, kina joto. Tunatandika mkeka sakafuni, mkeka wa ukindu niliousuka mwenyewe, na pale ulipokuwa ukitandikwa pana ufa kwenye saruji, mrefu kutoka ukutani mpaka karibu na mlango. Ufa huo niliuzoea kama mtu anavyozoea kovu lake.

Asubuhi moja, Hadija akiwa shambani, Zena alikuwa anatafuta kanga yake ya madrasa sandukuni. Nilisikia kitu kimeanguka, tap, halafu nikasikia kicheko.

"Bibi, njoo uone. Maji yanakimbia lakini hayalowi."

Mfuniko ulikuwa umetoka. Sakafu nzima ilikuwa na punje za fedha, nyingine kama mtama, nyingine kama kunde. Ukiigusa moja inakuwa mbili. Ukizisukuma mbili zinakuwa moja. Sitawadanganya, nilikaa chini nikacheza na mjukuu wangu. Nilizisukuma kwa vidole, tukashindana nani atakusanya kubwa zaidi. Kubwa niliikinga kwenye kikombe cha kahawa nikaimwaga nyuma ya choo. Zilizobaki nikachukua fagio la chelewa nikafagia. Nilifagia vizuri sana. Kila nikipitisha fagio zinapotea, nikaona kazi imekwisha. Nilikuwa ninazipasua na kuzisukuma ndani ya ufa, lakini hilo nililijua miezi mitano baadaye.

Jioni ile, nikinawa mikono, niliona pete yangu imekuwa nyeupe.

Hapa naomba mnisikilize, maana hapa ndipo nilipokosea. Pete hiyo alinivisha mume wangu, Athumani, siku alipokuja kunichukua kwetu Maparoni. Alisema ni dhahabu. Kila mtu alijua ni dhahabu, dada zangu walinionea wivu kwa pete hiyo. Sasa ninaitazama, nyeupe kama sarafu. Nikaisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa ndimu. Nyeupe vilevile. Nikasema moyoni: kumbe. Kumbe ilipakwa rangi tu, na rangi imeisha. Athumani aliniongopea siku ya kwanza, akaendelea kuniongopea mpaka nilipomfunga sanda.

Nikamnunia marehemu. Mtu mzima mimi, nilikuwa nikimsomea dua kwa ukali. Na sikumwambia mtu yeyote. Sikutaka Hadija na Shabani wajue baba yao alikuwa mtu wa namna hiyo. Nikawa nautia mkono ule ndani ya kanga watu wakija.

Vuli ilipoanza, Zena aliacha kula. Alitoka jasho hata kukiwa na baridi ya mvua, nguo unaikamua. Halafu akaanza kulalamika miguu. "Bibi, inawaka." Nyayo zilikuwa nyekundu, vidole vyekundu, ngozi ikawa inabanduka kama ganda la kitunguu. Hakutaka viatu, hakutaka mwanga, alijifunika uso mchana kutwa. Mtoto aliyekuwa haishi maneno akawa analia tu, wala halii kwa sababu. Ukimuuliza anasema, "Niache."

Na mimi nilikuwa na yangu. Fizi zilivimba zikatoka damu. Mdomoni ladha ya msumari. Mikono ikatetemeka, kwanza kidogo, nikitia uzi kwenye sindano, halafu hata kikombe. Ukindu ukawa haunitii. Mistari niliyosuka tangu nikiwa mwali ikaenda kombo. Na haya zikanishika, sijui niseme vipi. Mgeni akibisha hodi ninajificha chumbani, moyo unapiga, kama mwali.

Nilifanya nini? Nilifanya alichofanya mama yangu na bibi yangu. Siku zote Alhamisi jioni tunachoma ubani nyumbani. Unakunja mkeka, unaweka chetezo katikati ya chumba, unafunga madirisha ili harufu isitoke bure, unazitandaza nguo za mtoto juu ya moshi, na moshi ukiisha unatandika mkeka palepale pangali na joto. Katikati ya chumba changu ni pale penye ufa. Mtoto alipozidi kuumwa, nikaacha kungoja Alhamisi. Nikafukiza kila siku. Nilimkalisha Zena kwenye kigoda karibu na makaa, nikamfunika shuka, nikamwambia, "Vuta pumzi, mama, vuta." Naye alinitii.

Hospitalini tulienda mara ngapi sijui. Nakumbuka benchi la mbao lenye msumari uliotoka, kila anayekaa pale anainuka na kanga imechanika. Nakumbuka mtu wa maabara aliyeitwa Godfrey, alikuwa mpole na sindano. Malaria hakuna. Akapewa dawa ya minyoo, akapewa mafuta ya kupaka, akapewa dawa ya muwasho. Kila dawa tuliitumia mpaka mwisho. Siwalaumu. Walituuliza mtoto amekula nini, amelala wapi, ameumwa na mdudu gani. Siku moja daktari kijana aliuliza kama kuna dawa ya shamba imemwagika nyumbani. Nikasema hakuna. Kwa kuwa ya shamba haikumwagika.

Palikuwa na nesi mmoja, Sista Paskalina, mtu wa Songea. Yeye ndiye alileta beseni la maji ya bomba pale kwenye foleni akamtia Zena miguu humo. Mtoto alinyamaza. Sista akaondoka kuendelea na kazi zake. Kama unamngoja mgonjwa wa namna hii, chukua beseni lako, usingoje la kupewa.

Baada ya hapo Rashidi alirudi na lori, akamwona mwanawe, akasema anampeleka kwa mama yake Maparoni. "Nyumba hii ina kitu," alisema. Nilikasirika. Nyumba yangu ina kitu gani? Lakini Hadija alimwacha ampeleke.

Wiki tatu Zena alikaa huko Maparoni, kwenye delta, kwa bibi yake mwingine, Bi Tausi. Akala. Alianza kuomba samaki. Akacheka, akatembea mpaka kwenye shamba la mpunga akafukuza ndege. Tukashukuru, tukasema amepona, tukamrudisha. Usiku wa kwanza nilifurahi mno, nikamfukizia nguo zote. Haikupita nusu mwezi, miguu ikawa myekundu.

Akapelekwa tena, akapata nafuu tena. Akarudi, akaumwa tena. Safari hii miguu ilikataa kumbeba, Hadija akawa anambeba mgongoni kama kichanga.

Bi Tausi akaja mwenyewe Mtawanya. Tumejuana miaka, hatujawahi kukosana. Alikaa kizingitini, hakuingia.

"Siwajibu, mwenzangu, mtoto akiwa kwangu anakula. Akirudi kwako anakauka. Wewe ungekuwa mimi ungesemaje?"

"Sema unachotaka kusema, Tausi."

"Mimi sijasema. Nimekuuliza."

Hakusema, lakini wengine walisema. Kisimani nikifika maneno yanakatika, wanawake wanaangalia ndoo zao. Jirani yangu Mwajuma, ambaye tunapeana moto tangu ujana wetu, akaanza kununua kiberiti. Mtoto wake aliniambia bila kujua, "Mama kasema nisipokee kitu kwako." Mnajua jina analoitwa kwetu bibi kizee ambaye mjukuu wake hukauka akiwa mikononi mwake. Silitaji.

Nami niwaambie ukweli, kwa sababu huenda kuna mama mwenzangu anasoma na yuko pale nilipokuwa. Nilianza kuamini. Niliitazama mikono yangu inavyotetemeka, nikakumbuka majina ninayoyasahau, nikajiuliza: labda ninatoka usiku bila kujua. Labda ninamla mtoto wangu bila kujua. Nilimwomba Mungu anitangulize mimi ili yeye abaki. Nilihamia kulala jikoni. Zena akalia, "Bibi wangu yuko wapi, nani atanishika miguu?" Hadija alivumilia hadi akachoka, akaja jikoni akanirudisha mkekani. Tulikuwa tumechanganyikiwa wote. Kila tulichofanya kwa mapenzi kilikuwa kinaharibu, na hatukujua ni kipi.

Masika ilipoanza kubisha, Sista Paskalina alitupatia barua ya kwenda Dar. Rashidi alisema, "Mama abaki." Hakunitazama. Hadija aliendelea kukunja nguo za Zena, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilikuwa nimekwisha keti zangu. Lakini basi lilipofika, Zena mgongoni kwa mama yake alinyoosha mikono kwangu akapiga ukelele, hakuacha. Kondakta, jina lake Hemedi, akasema, "Bibi panda basi, mtoto atapasuka." Nikapanda na kanga niliyovaa. Mpaka Bungu nilikuwa nimemshika nyayo, na alikuwa amelala.

Dar tulikaa kwenye korido siku mbili. Namba inaitwa kwenye kipaza sauti, husikii vizuri, kila ikiitwa watu kumi wanainuka. Mama mmoja wa Kimara, Anneth, alitupa nusu ya chapati zake na alimpepea Zena kwa bahasha ya picha yake ya eksirei. Sikumwona tena. Nampelekea salamu popote alipo.

Daktari aliitwa Neema. Mfupi, ana sauti ya chini. Alimpima Zena presha, akapima tena, akabadilisha mashine akapima mara ya tatu, maana presha ya mtoto ilikuwa kama ya mzee. Akamtazama viganja. Halafu akaniomba kadi, nami nikampa, na kadi ikawa inacheza hewani.

"Mama, wewe mkono unatetemeka tangu lini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu ananiuliza mimi.

"Mimi si mgonjwa, mwanangu. Mgonjwa ni mjukuu."

"Nyoosha yote miwili. Fungua mdomo. Fizi zinatoka damu? Na hii pete ni ya fedha?"

Nikairudisha mikono ndani ya kanga. Hadija akajibu kwa ajili yangu, "Ya dhahabu, Dokta. Ya baba."

"Naomba niione, mama."

Nilitamani sakafu ipasuke. Akaushika mkono wangu polepole, akaigeuza pete. Ndani, upande wa kiganja, palikuwa pamebaki mstari mdogo wa njano.

"Hii iligeuka lini?"

Hadija alikuwa ananitazama. Nikasema, "Msimu wa korosho. Siku ile ya chupa."

"Chupa gani?" Waliuliza wote wawili pamoja.

Nilieleza. Nilieleza vibaya, kwa kurudi nyuma, nikimtetea Athumani, nikisema labda na yeye aliuziwa hakujua. Daktari Neema akanikatiza kwa upole.

"Mama, mumeo hakukudanganya. Hii ni dhahabu. Rangi yake haikuisha, imefunikwa. Ulishika zebaki, na zebaki inashika dhahabu."

Nililia pale. Watu walifikiri ninalilia ugonjwa. Daktari akaendelea kuuliza: ilimwagika wapi, tulifagia na nini, tunalala wapi, madirisha. Alipofika kwenye moto, nikamwambia habari ya chetezo. Aliweka kalamu chini. Akasema kitu hicho kikipata joto kinapanda kama mvuke, hakina rangi wala harufu, na mtu anakivuta. Hakusema kwa ukali. Hadija ndiye aliyesema.

"Miezi mitano, Mama. Ulijua pete imegeuka, ukanyamaza miezi mitano. Kwa ajili ya aibu ya mtu aliyekufa."

Hakunisemesha wiki nzima, ila chakula changu alikuwa ananifunikia.

Tulikojoa kwenye madumu, mchana na usiku, mimi na Zena na Hadija, mikojo ikapelekwa maabara. Wote watatu tulikuwa na zebaki mwilini. Zena na mimi zaidi, walala sakafuni. Dawa ziliagizwa, tukangoja. Zilipokuja zilikuwa vidonge vyenye harufu ya yai viza. Zena anavitapika, tunavifungua tunamwekea kwenye juisi ya embe, anavitapika tena. Akameza kwa mkupuo siku nilipomwambia tushindane nani atakunja uso zaidi. Mara ya kwanza wiki tatu. Kupumzika. Mara ya pili. Masika yote iliishia hapo, tuliisikia tu kwenye bati la wodi.

Dawa ile ya kwanza ikiendelea, Daktari Neema alisema mtoto haruhusiwi kurudi kwenye nyumba ile hata siku moja mpaka isafishwe, na asiifagie mtu, asideki mtu, asichome kitu. Akapiga simu zake. Zilipokwisha wiki zangu tatu za dawa, ilibidi mimi nirudi, kwani mimi peke yangu ndiye niliyejua punje zilikimbilia wapi.

Shabani alikuwa amekwisha fika Mtawanya. Alipata habari kwa simu ya Hadija, maneno aliyoambiwa siyaandiki. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, hajaoga.

"Mama, tunaishika kwa mikono kule. Tunaichoma kwenye kikaango, tuko palepale. Hakuna aliyetuambia."

"Wewe mikono yako haitetemeki?"

Akaificha. Kama nilivyoficha mimi. Nikajua kuwa naye ana lake, na leo anatibiwa.

Bwana afya aliyekuja anaitwa Lyimo. Alikuja na wenzake wawili wenye barakoa nzito na mabuti waliyoyafunika mifuko ya plastiki. Niliambiwa nisimame nje, nielekeze kwa dirishani. Nyumba ilikuwa imeachwa wazi siku nyingi, madirisha yote. Nikaona sakafu ni safi, nikaona haya kuwasumbua watu.

"Hakuna kitu, baba. Tazama mwenyewe."

Lyimo hakunibishia. Mchana ule, jua la utosi, akafunga madirisha yote isipokuwa langu, nalo akaliziba kwa mwili wake. Mwenzake mmoja akapiga magoti, akalaza tochi chini kabisa, mwanga ukatambaa juu ya sakafu. Lyimo akaniita nichungulie chini ya kwapa lake.

Sakafu yangu ilikuwa imejaa nyota. Ndani ya ufa palikuwa na mstari wa fedha kuanzia ukutani mpaka mlangoni. Kwenye mkeka, kila penye makutano ya ukindu, palikuwa na punje kama vumbi. Kwenye fagio, kila chelewa iling'aa. Nililala juu ya hicho kitu na mtoto. Niliona vizuri kuliko nilivyowahi kuona kitu chochote.

Walikusanya kwa vipande vya kadibodi, polepole, kutoka pembeni kwenda katikati. Kubwa walizinyonya kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ndogo walizibandua kwa utepe wa gundi. Halafu Lyimo akauliza, "Hapa mna mikorosho, bibi? Mna salfa?"

Salfa ninayo. Kila mwenye mikorosho anayo, unga ule wa njano wa kupulizia maua yasife. Nusu mfuko ulikuwa stoo, hatua sita kutoka kwenye ufa. Akaimwaga ndani ya ufa, akaiacha. Alisema inakishika kile kitu kisiruke hewani. Nikakaa chini nje pale. Miezi yote ile, kinachokishika kilikuwa ndani ya nyumba yangu, na mimi nimekipa ubani. Lakini usiende ukamwaga salfa mwenyewe ukaona umemaliza. Ita watu wa afya. Ilibidi baadaye wabomoe saruji yote ya chumba kile kwa patasi, wachimbe na nyuma ya choo, watie kila kitu kwenye mapipa yenye mifuniko. Kitanda, mkeka, fagio, chetezo, nguo za Zena alizokuwa akifukiziwa. Shabani alitaka kuchoma mkeka, Lyimo akamshika mkono. Usichome kitu. Hilo liandike mahali.

Mwajuma alikuwa amesimama kwenye uzio wake muda wote, ameshika mdomo. Alipoona wanabeba pipa la tatu, aliingia ndani akatoka na kaa la moto kwenye kigae. Akaliweka mbele yangu, nje, kwenye jiko.

"Najua utataka chai," alisema. Nikanywa chai.

Mwisho Lyimo aliniomba pete. Haiwezi kurudishiwa rangi yake hivi hivi, kuirudishia ni kuichoma motoni, na kuichoma ni balaa jingine. Niliivua kwa sabuni. Kidoleni pamebaki alama. Kabla sijaitia kwenye kichupa chake nilimwomba Athumani radhi, kwa sauti, mbele za watu. Nilimtaja jina lake lote mpaka la babu yake. Yalikuja yote.

Zena alirudi wakati wa mavuno ya mpunga. Alishuka kwa miguu yake, amekonda, ngozi mpya ya nyayo laini kama ya mtoto wa juzi. Alianzia kwa Bi Tausi mwezi mzima, daktari alitaka hivyo mpaka vipimo vya nyumba viwe vimetoka. Bi Tausi mwenyewe ndiye aliyemleta Mtawanya. Safari hii aliingia ndani. Alitazama sakafu mpya, akanitazama.

"Siwajibu, nilikuuliza swali baya."

"Swali lilikuwa zuri, Tausi. Jibu ndilo lilikuwa halijaja."

Bado hatujapona wote. Zena akichoka anayumba, na hasomi sana kama wenziwe. Mikono yangu inatetemeka asubuhi. Hadija ananisemesha, tunacheka, lakini kuna siku ananitazama mkono na ananyamaza, nami namwachia anyamaze. Ubani sichomi tena ndani. Nimesuka mkeka mpya, umekwenda kombo upande mmoja, mtu akiuona atasema amesuka mwanafunzi.

Na nina tabia niliyobaki nayo. Kila adhuhuri, kabla hatujajilaza, nafunga madirisha, napiga magoti, nalaza tochi chini nimulike sakafu yote. Kila siku. Mkeka nausimamisha ukutani mpaka nimalize. Juzi nilichelewa kuinuka, kwa sababu nilidhani nimeona kitu penye kona, nikabaki nimeinama. Nikasikia mtu analala kifudifudi pembeni yangu. Zena akaweka shavu kwenye saruji, akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu kule mwanga unakoishia.

"Ni mchanga, Bibi," akasema. "Tandika."